Ampli ya lampi inayovuma: kuijenga, kuisikiliza, na waya moja ambao haukatwi

Kila mpiga gitare anaijua sauti ile. Ampli imewashwa, hakuna mtu amegusa nyuzi, lakini opalere inatoa mvumo mzito usiokatika. Kwenye mazoezi ya kwaya ao ya orkestra, watu wanazoea. Lakini siku ya kurekodi ao siku ya kupiga kwa sauti ya chini, mvumo ule unafunika kila kitu.

Kuna dawa moja inayopita kutoka mdomo hadi mdomo: fungua fishi, toa waya wa rangi ya kijani na manjano, rudisha fishi, mvumo utapunguka. Na kweli, mara nyingi unapunguka. Ndiyo maana dawa hiyo ni mbaya. Waya ule ni waya wa ardhi. Kazi yake si muziki. Kazi yake ni kubeba umeme chini siku waya mwingine umeguna ngozi yake na kugusa chuma cha ampli. Ukiwa umeutoa, chuma cha ampli kinaungana na nyuzi za gitare, nyuzi zinaungana na vidole vya mpigaji, na mpigaji anakaribisha mdomo kwenye mikrofoni. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, mpiga gitare Les Harvey wa orkestra ya Stone the Crows alikufa jukwaani namna hiyo, kwa kugusa mikrofoni iliyokosa kuunganishwa vizuri na ardhi huku akishika gitare yake.

Mvumo unaweza kupunguzwa bila kukata waya wowote wa usalama. Inaomba tu kujua mvumo unatoka wapi.

Ampli ndogo ya kuanzia

Mafundi wengi duniani wanaojenga ampli ya lampi kwa mikono yao wanaanza na mchoro mmoja: Fender Champ ya Marekani, ile ya alama 5F1, ya miaka ya 1950. Sababu ni nyepesi. Ina lampi tatu tu. Lampi ya 12AX7, ambayo Ulaya wanaiita ECC83, inakuza sauti ndogo ya gitare mara mbili, kwa maana ndani ya kioo kimoja mna lampi mbili. Lampi ya 6V6 inatoa nguvu ya kusukuma opalere ya inchi 8. Lampi ya 5Y3 inanyoosha umeme: inapokea umeme unaokwenda na kurudi, inatoa umeme unaokwenda upande mmoja. Nguvu yake yote ni wati 5 hivi. Ni kidogo, lakini ndani ya nyumba inatosha kabisa kugombana na majirani.

Lampi hizi hazijaisha duniani. Zingali zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na mtu anaweza kuagiza mpya. Kitu kizito ni transfo, na zinahitajika mbili.

Transfo ya kwanza inapokea umeme wa nyumba. Hapa mtu aangalie vizuri kabla ya kulipa feza. Umeme wa kwetu ni volti 220, hertz 50. Wa Marekani ni volti 120 hivi, hertz 60. Transfo ya zamani iliyotoka kule haitatulia hapa hata ukiiweka nyuma ya kigeuzi cha kushusha volti, kwa maana kigeuzi kinabadili volti, hakibadili hertz. Kwa hertz 50 chuma cha ndani kinabeba asilimia 20 zaidi ya kile kilichopangiwa. Kama fundi wa kiwanda aliacha nafasi, itavumilia. Kama hakuacha, itapata moto na kuvuma yenyewe, hata opalere ikiwa imetolewa. Tafuta iliyoandikwa 50/60.

Transfo ya pili inakaa kati ya 6V6 na opalere. Wanaobobina mota na transfo katika miji yetu wanaweza kuifanya, lakini lazima waambiwe jambo moja: ampli hii ina lampi moja tu ya nguvu, na umeme wa upande mmoja unapita ndani ya waya wakati wote. Kwa hiyo vipande vya chuma vya E na vya I havipangwi kwa kupishana kama kwenye transfo ya kawaida. E zote zinakaa upande mmoja, I zote upande mwingine, na katikati inawekwa karatasi nyembamba. Bila nafasi ile ndogo, chuma kinashiba na sauti ya chini inapotea.

Kilichobaki ni rezistansi, kondensatere, kiti cha lampi na sanduku la chuma. Wengine wanafikiri kutumia karatasi ya aluminiamu sababu inakatika kwa urahisi. Inafaa, lakini ijulikane kwamba aluminiamu haizuii nguvu ya sumaku ya transfo. Chuma cha kawaida kinaizuia kwa sehemu, na ampli za kiwanda za aina hii zilijengwa juu ya chuma.

Volti zinazobaki baada ya kuzima

Redio ya transista inasamehe. Ampli ya lampi haisamehe. Ndani ya Champ, baada ya lampi ya 5Y3, kuna volti 340 hivi, na volti hizo zinabaki ndani ya kondensatere kubwa hata fishi ikiwa imetolewa ukutani. Zinaweza kukaa dakika nyingi. Fundi aliyezima, akangoja kidogo, kiisha akaingiza mkono, ndiye anayepigwa.

Kuna rezistansi moja ambayo michoro mingi ya zamani haina na ambayo fundi mwenye akili anaiongeza: kilo-omu 220, ya wati 2, kati ya kondensatere ya kwanza na masi. Kwa kondensatere za mikrofaradi 32 kwa jumla, kama zile za mchoro wa kwanza, inamwaga volti karibu zote ndani ya sekunde 40. Hata hivyo, kila mara kabla ya kugusa, pima kwa multimetri. Rezistansi inaweza kukatika bila kuonekana. Mkono mmoja ukae mfukoni, pete na saa ya chuma vitolewe.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, usiweke fishi moja kwa moja ukutani. Pitisha umeme kwanza ndani ya ampuli ya zamani ya wati 40 ao 60, ile yenye uzi unaowaka. Ampuli za LED ao za kuhifadhi umeme hazifai kwa kazi hii. Ampuli ikiwaka kidogo na kupunguka, vizuri. Ikiwaka kabisa na kubaki hivyo, kuna mahali waya zimegusana: zima, tafuta. Ampuli imekuokolea transfo. Na usiwashe kamwe ampli ya lampi bila opalere; transfo ya sauti inaweza kuungua.

Sikiliza kama ni sol

Sasa ampli inaimba, na inavuma. Hapa ndipo wengi wanaanza kubadilisha vyombo bila mpango, kondensatere leo, lampi kesho, mpaka feza inaisha. Lakini mwanamuziki ana chombo cha kupimia ambacho fundi wa frigo hana: sikio lake.

Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Lampi ya kunyoosha inakunja nusu ya chini kuwa juu, na hivyo mawimbi yanakuwa 100 kwa sekunde. Kwa hiyo kuna mivumo miwili tofauti, wa 50 na wa 100, na kila mmoja una nyumba yake. Kwenye gitare, uzi wa sita, ule mnene, ukishikwa kwenye kasha ya tatu unatoa sol ya hertz 98. Hiyo ni karibu kabisa na mvumo wa 100. Kwenye gitare bass ya nyuzi nne, uzi mnene kwenye kasha ya tatu unatoa sol ya chini yake, hertz 49. Hiyo ni karibu na mvumo wa 50. Piga sol, nyamaza, sikiliza ampli, linganisha. Opalere ya inchi 8 haitoi vizuri sauti ya 50, kwa hiyo kwa jaribio hili ni afadhali kuunganisha bafle kubwa zaidi yenye omu zilezile.

Mvumo ukiwa sol ya juu, ile ya 100, angalia upande wa kunyoosha umeme. Ukiwa sol ya chini, angalia filamenti za lampi, transfo na waya zinazopita karibu ya mahali gitare inaingia. Na ukiwa si sauti ya mviringo, bali mlio mkali kama nyuki ndani ya kopo, mara nyingi ni masi iliyopangwa vibaya, ao kitu cha nje.

Kiisha jaribio la pili, bila kufungua kitu. Shusha volume mpaka sifuri. Mvumo ukipotea, basi unaingia kabla ya volume: mlango wa gitare, nusu ya kwanza ya 12AX7, ao gitare yenyewe. Ukibaki vilevile, unaingia nyuma ya volume. Zima, acha lampi zipoe, toa 12AX7 kwa kitambaa, washa tena. Kama ungali unavuma, 12AX7 haina kosa, na kazi imebaki kwa 6V6, kondensatere kubwa na transfo. Majaribio haya mawili yanachukua dakika tano na yanaondoa zaidi ya nusu ya mashaka.

Sol ya juu

Kondensatere kubwa ni kama pipa la maji mbele ya robine: umeme unafika kwa mapigo, pipa linasawazisha. Ndani ya kondensatere mna maji-maji ya kemikali yanayokauka na miaka. Ampli ya zamani iliyokaa miaka 20 bila kazi ina pipa lililotoboka, na dawa ni kuweka mpya, za volti 450 ao zaidi. Waya wa kuongeza na wa kutoa usikosewe, maana kondensatere iliyogeuzwa inapasuka.

Ampli mpya pia inaweza kuvuma sol ya juu. Mchoro wa 5F1 uliwekwa mikrofaradi 16 mwanzoni, kiisha 8 na 8, kwa sababu wakati ule kondensatere zilikuwa ghali na kubwa. Ampli ya lampi moja ya nguvu inaonyesha mvumo huo wazi. Zile kubwa zenye lampi mbili za nguvu zinazovuta kwa kupishana hufuta sehemu kubwa ya mvumo zenyewe, lakini hii haina msaada huo. Fundi anaweza kuongeza ile ya pili na ya tatu mpaka 22 ao 33. Ile ya kwanza haipandishwi sana, juu ya lampi ya 5Y3 haipendi kujaza pipa kubwa kwa pigo moja.

Wengine wanatoa 5Y3 na kuweka dayodi, eti ni rahisi na haziungui. Wahesabu kwanza. Transfo inayotoa volti 325 kila upande, ikipita kwenye dayodi, inaweza kufika 460 kabla lampi hazijapata moto. Kondensatere iliyoandikwa 450 imekwisha kupita mpaka wake.

Sol ya chini

Lampi za 12AX7 na 6V6 zina filamenti zinazopata moto kwa volti 6.3 za kwenda na kurudi. Filamenti za 12AX7 na 6V6 pamoja zinavuta ampere 0.75, na waya zinazobeba umeme huo zinapita karibu ya sauti ndogo kabisa ya gitare. Hapo ndipo sol ya chini inaingia, kwenye ampli nyingi za kujengewa nyumbani.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. Waya mbili za filamenti zisokotwe pamoja kama kamba, kwa nguvu, tangu kwenye transfo mpaka kwenye kiti cha mwisho. Kile ambacho waya mmoja unatoa, mwenzake anakifuta. Zipite kwenye kona ya sanduku, mbali na waya za sauti, na pale zinapolazimika kukutana, zikutane kwa msalaba, zisitembee pamoja. Kwenye kiti cha 12AX7, pini 4 na 5 zinaunganishwa kuwa upande mmoja, pini 9 ni upande wa pili. Kwenye 6V6 ni pini 2 na 7.

Dawa ya pili inaomba rezistansi mbili za omu 100. Mchoro wa zamani uliweka upande mmoja wa filamenti moja kwa moja kwenye masi. Waya huo unatolewa kwanza, kabisa. Kiisha kila upande unapewa rezistansi yake, na rezistansi hizo zinakutana kwenye masi. Sasa pande mbili zina uzito sawa. Kama transfo ina waya wake wa katikati kwa volti 6.3, rezistansi hizi hazihitajiki.

Na kuna ya tatu ambayo mafundi wa zamani wanaipenda. Pale rezistansi zinapokutana, badala ya masi, unaungwa waya mpaka katodi ya 6V6, pini 8, ambapo kuna volti karibu 19. Filamenti zinainuka juu ya katodi ya 12AX7, na vijimeme vinavyoruka kutoka filamenti kwenda katodi vinakosa njia. Ni waya moja, na mara nyingine tofauti inasikika papo hapo.

Transfo nayo inaweza kuingiza sol ya chini bila waya wowote, kwa sumaku tu. Kabla ya kutoboa sanduku, chukua kaske ya kusikilizia, iunge kwenye waya za opalere za transfo ya sauti, washa transfo ya umeme peke yake, mbali na vyombo vingine, waya zake za volti kubwa zikiwa zimefungwa moja moja kwa kichupa cha plastiki ili zisiguse kitu wala mtu. Zungusha transfo ya sauti polepole juu ya meza. Kuna pembe moja ambapo mvumo unakaribia kuzimika, mara nyingi moja ikiwa imesimama na nyingine imelala. Weka alama pale, ndipo utoboe.

Masi si takataka

Makosa ya masi ndiyo yanayochosha zaidi, sababu mchoro hauyaonyeshi. Kwenye karatasi alama za masi zote ni sawa. Ndani ya sanduku, waya mmoja wa masi unabeba mapigo makubwa ya kondensatere ya kwanza, na mwingine unabeba sauti ya gitare ambayo ni sehemu ndogo ya volti. Vikitumia njia moja, mapigo yanaingia ndani ya sauti.

Kwa hiyo katikati ya transfo na kondensatere ya kwanza zinakutana peke yao. Masi ya 6V6 inakuja baadaye, ya 12AX7 baada yake, na masi yote ya sauti inagusa sanduku mahali pamoja tu, karibu na mlango wa gitare. Parafujo ya transfo isitumiwe kama masi ya sauti; inalegea na joto. Waya wa kijani na manjano una parafujo yake yenyewe, ngumu, yenye rondela ya meno, karibu na mahali umeme unaingia, na haushirikiani na kitu kingine.

Mlango wa gitare uwe wa aina inayojifunga kwenye masi wakati hakuna kebo. Ukikosa hiyo, ampli inavuma kila unapotoa gitare, na mtu anatafuta kosa ambalo halipo.

Wakati ampli haina kosa

Geuka na gitare yako, taratibu, ukiwa umekaa. Mvumo ukipanda na kushuka kwa kadiri unavyogeuka, unatoka kwenye mikro ya gitare. Mikro ya bobini moja inapokea sumaku ya kila transfo iliyo karibu. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson alitengeneza ile ya bobini mbili zinazofutana mvumo, iliyotoka kwenye gitare mwaka 1957.

Gurupe nayo ina tabia yake. Mota ikikimbia, hertz zinapanda, na sol inapanda pamoja nayo, ikichoka, inashuka. Mvumo unaocheza hivyo unafuata umeme wa gurupe. Onduleri za bei ndogo za mashua ya jua zinatoa umeme wa ngazi-ngazi, na mlio wa nyuki unaotoka humo hakuna waya wa kusokota utakaoutibu. Inahitajika onduleri inayotoa wimbi safi.

Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi kabisa, na fishi yenye shimo la tatu inaingia kwenye prizi isiyo na kitu nyuma. Goma ina shida ya pekee: sehemu ya mji imekaa juu ya lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwezi wa 1 mwaka 2002, na kupiga chuma cha ardhi ndani ya jiwe lile si kazi ya nyundo moja. Disjonktere diferensieli ya miliampere 30 inakata umeme hata pale ambapo ardhi haipo, ikiwa umeme wa ukutani unapita ndani ya mtu. Lakini haioni volti 340 zilizo ndani ya sanduku, nyuma ya transfo. Kwa hizo, ni multimetri na mkono mfukoni.

Inabaki kesi ya kanisa, pale ampli haivumi nyumbani lakini inavuma mara tu inapounganishwa na tabulo ya mikse. Vyombo viwili vimefika ardhini kwa njia mbili tofauti, na kebo ya sauti imekuwa daraja kati yao. Ndipo mtu anasema tutoe ule waya. Kwanza, ampli na mikse zichukue umeme kwenye prizi moja, kwa kebo moja ya milango mingi. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, kati ya ampli na mikse inawekwa transfo ndogo ya kutenganisha sauti, ile wanayouza ndani ya kisanduku chenye jina la DI, na masi ya kebo ya sauti inakatwa pale, kwa kiswichi chake. Waya wa kijani na manjano unabaki kwenye fishi zote mbili.